Hukumu Iliyobebwa kwa Engozi

Jumanne saa nne asubuhi, hukumu ya Kokuhirwa ilipimwa kwenye mizani ya chama cha msingi cha kahawa, ikaonekana ina kilo kumi na moja na nusu. Msimu wa kahawa ulikuwa bado. Ghala lilikuwa tupu, limefagiwa, na mizani ilikuwa imefunikwa gunia isiingie vumbi. Yusto, karani wa mizani, alilitoa gunia, akafuta ubao kwa mkono wa shati, akaiweka bahasha ya kaki katikati, kisha akasogeza jiwe kidogo kidogo mpaka ulimi ukatulia.

"Kumi na moja na nusu, Ma Kokuhirwa," alisema. "Jumamosi ilikuwa tisa."

"Jumamosi bwana mifugo alikuwa hajaisoma."

"Ameisoma?"

"Jana. Amesema imeandikwa vizuri sana."

Yusto akatikisa kichwa, akaandika tarehe na uzito nyuma ya daftari la msimu uliopita. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili tu, zimepigwa chapa upande mmoja, zina muhuri wa bluu. Siku zilipotoka mahakamani, Kokuhirwa alizikunja akazitia kifuani akasahau kwamba anazo. Ila kila mtu wa ofisi aliyezisoma, akazikunja na kumrudishia mkononi bila kufanya zilichosema, aliziongezea uzito. Hakuna aliyeuliza inakuwaje. Kuni zikinyeshewa huwa nzito, mtoto akilala mgongoni huwa mzito, na hukumu nayo ilikuwa hivyo.

"Keshokutwa usije," Yusto alisema akiirudisha bahasha. "Mizani haitakuwepo."

"Inakwenda wapi?"

"Uwanja wa kata. Wanaadhimisha Siku ya Sheria. Mtendaji ameiazima ya kupimia nyama."

"Nyama ya nini?"

Yusto alikunja lile gunia mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. "Ya ng'ombe," alisema. "Yule mwekundu aliye zizini kwake. Wanachinja saa sita, hotuba zikiisha. Nilidhani wamekwambia, Ma."

Kokuhirwa alifunga kanga yake kiunoni, akaikaza. Kuanzia saa ile mpaka Alhamisi saa sita zilibaki siku mbili na saa mbili.

Mambo yenyewe yalianza mwezi wa kumi. Siku watu walipoitwa kuchimba mifereji ya barabara ya kwenda Kimuli, Kokuhirwa alikuwa Nyabiyonza kwenye msiba wa kaka yake, Nolasco. Kwa desturi yao aliyefiwa hashiki jembe mpaka matanga yaanuliwe. Hata akilishika kwa kusahau, jirani humpokea polepole na kuliegemeza ukutani. Basi alikaa siku nne juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni kwa marehemu, na siku ya tano aliporudi kwake alikuta karatasi imebandikwa mlangoni na Mtendaji wa Kata, Bwana Byabato.

Byabato alikuwa mtu wa Muleba, mrefu, msafi, ambaye viatu vyake havikushika tope hata mvua za vuli zikiwa zimechachamaa. Kanuni ya kwamba asiyefika barabarani atachukuliwa mali aliitunga mwenyewe ofisini, Ijumaa moja baada ya kula ndizi. Aliibandika mwenyewe kwenye nguzo. Alipomwita Kokuhirwa, alisimama upande huu wa meza akamsomea mashtaka, kisha akazunguka meza, akaketi, akauliza kama mshtakiwa ana neno. Kokuhirwa alisema alikuwa msibani. Byabato akanyanyuka, akarudi upande wa kwanza, akasema kanuni haitaji msiba. Akazunguka tena, akaketi, akajikubalia. Alizunguka ile meza mara sita, na saruji ya pale imebaki na mviringo wa njia mpaka leo. Mwisho akatoa uamuzi, akavaa kofia, akaenda na mgambo kumfungua Bihogo.

Bihogo alikuwa ng'ombe wa kabila la kwao, mwekundu wa kuiva, pembe ndefu zenye ncha nyeusi. Nolasco ndiye aliyempa dada yake ng'ombe huyo mwaka aliofiwa na mume, akasema mjane asiye na samadi, kibanja chake cha migomba ni cha mkopo. Kwa samadi ya Bihogo migomba ya Kokuhirwa ilibeba mikungu ya kutegemezwa kwa miti miwili miwili. Sasa ilikuwa imeanza kupauka majani kwa pembeni, na kahawa zilizo chini yake zilisimama kama zinasubiri kuambiwa kitu. Kwa hiyo kaka alizikwa Jumatatu, na ng'ombe wa kaka akaondoka Jumamosi ya pili yake.

Kokuhirwa alikwenda mahakama ya mwanzo. Hakimu, binti mfupi wa Bukoba aitwaye Sperancia, alisikiliza shauri siku mbili nzima, akamhoji Mtendaji kwa sauti ileile aliyomhojia mjane. Katika hukumu aliandika maneno ambayo watu waliyakariri kama sala: "Aliyetunga kanuni, aliyeshtaki, aliyehukumu na aliyekamata ni mtu mmoja, na mtu mmoja si serikali." Akaamuru ng'ombe arejeshwe akiwa hai, pamoja na kamba yake. Vigelegele vilipigwa mpaka karani akagonga meza. Mzee mmoja wa Songambele alisema hajapata kuona mtu mfupi namna ile akimwambia hapana mtu mrefu namna ile, na mtu mrefu akainamisha kichwa.

Ila kwa utaratibu, amri ya mahakama katika kata hutekelezwa na Mtendaji wa Kata. Nakala ilipelekwa kwa Byabato. Aliisoma, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaifungia kwenye faili zuri jipya.

Jumanne ileile, kutoka ghalani, Kokuhirwa alikwenda kwake moja kwa moja.

"Shikamoo mama," Byabato alisema akisimama. Kila mara ilipoingia karatasi ya mahakama alisimama.

"Marahaba. Nimesikia Alhamisi mnachinja."

"Maadhimisho, mama. Wageni watatoka wilayani. Hawawezi kula maneno."

"Ng'ombe wangu ndiye mtakayemla?"

"Ng'ombe aliyeko chini ya uangalizi wa ofisi," alisema Byabato. Aliifungua bahasha, akaisoma hukumu kurasa zote mbili, midomo ikitembea. "Hii ni kazi ya mahakama. Mimi ni serikali. Nikianza kuivamia kazi ya mahakama kwa haraka haraka, watu watasema Byabato hajui mgawanyo wa madaraka. Na mimi hilo somo nimeshafundishwa, mbele ya watu." Alitabasamu kidogo. "Nenda kwa diwani. Kanuni ni mambo ya diwani."

Akamrudishia. Kokuhirwa alipoipokea, mkono ulishuka mpaka gotini. Byabato, kwa kuwa alikuwa na adabu, alimshikia upande mmoja mpaka mlangoni.

Diwani Rwezaura alikuwa barazani kwake anajifunza hotuba mbele ya mkewe, Salvina, aliyekuwa anamenya ndizi. Alipofika kwenye maneno "mihimili mitatu" aliinua vidole vitatu, na Salvina akamwambia ainue vya mkono wa kulia, wa kushoto ndio wa sahani ya nyama. Kokuhirwa alikaribishwa kigoda na kahawa za kutafuna. Rwezaura aliisoma hukumu, akasema ndiyo, kanuni ile haikufika kwenye baraza la madiwani hata siku moja, na kwamba imemuuma sana.

"Basi mwambie amtoe, Ta Rwezaura."

"Kutoa si kwetu. Sisi tunatunga. Tukitunga tumemaliza."

"Na hii hamkuitunga."

"Ndiyo maana hainihusu kabisa," alisema diwani.

Salvina alitupa ganda la ndizi kwenye beseni. "Mwenzio anauliza ng'ombe, wewe unamjibu vidole," alisema, lakini alisema akiangalia beseni.

Jioni ile ilibidi Kokuhirwa aombe baiskeli. Bahasha ilifungwa kwenye kiti cha nyuma kwa kamba ya mpira, na kabla ya kufika kwake tairi lilipasuka. Aliisukuma hivyo hivyo. Njiani, ng'ambo ya ua wa matete wa Mtendaji, alimsikia Bihogo akilia mara mbili. Ng'ombe humjua mtu kwa hatua zake. Kokuhirwa hakusimama, maana angesimama baiskeli ingelala na asingeweza kuinyanyua.

Jumatano asubuhi aliipeleka kwa toroli mahakamani. Hakimu Sperancia alitoka mwenyewe nje, akashika mpini mmoja, wakaiingiza wote wawili. Walipoiweka mezani, meza ikapasuka ufa kutoka pembe hadi pembe. Karani akatia tofali chini yake bila kuambiwa.

"Mheshimiwa, kesho saa sita wanachinja," Kokuhirwa alisema.

Hakimu aliuliza nani kasema, akaandika. Aliuliza zizi liko wapi, akaandika. Akavuta karatasi nyingine, akaandika zuio: ng'ombe huyo asichinjwe, asiuzwe, asihamishwe. Mkono wake uliandika haraka mpaka kalamu ikatoboa mahali pamoja. Akapiga muhuri, akampa mgambo Jovin apeleke mara moja.

"Sasa twende wote, mwanangu," Kokuhirwa alisema. Alisahau kumwita mheshimiwa. "Zizi halina kufuli. Ni fito mbili tu. Wewe uliamua, wewe ukifungua nani atasema?"

Sperancia aliifunika kalamu yake, akaiweka kando ya ufa wa meza.

"Mama, niliandika kwamba mtu mmoja hawezi kuamua na kukamata. Nikienda kumfungua kwa mkono wangu, nitakuwa nimezunguka meza ileile. Keshokutwa atakuja hakimu mwingine, asiyekupenda, naye atazunguka. Nitasema nini?"

"Utasema ng'ombe yuko nyumbani."

"Ndiyo," alisema hakimu. "Nitasema hivyo, na nitakuwa nimesema uongo kuhusu kila kitu kingine."

Kokuhirwa alimtazama, akaona kwamba binti huyu hakuwa anatafuta pa kujificha kama wale wengine. Hilo lilimtisha kuliko yote ya jana. Jovin alirudi saa nane na kitabu cha mahakama. Mtendaji alikuwa ametia saini: nimepokea, nimeelewa, naheshimu. Kokuhirwa alipotaka kuondoka na toroli, halikusogea hata inchi.

Kila kijiji huko kina kikundi cha engozi, ile machela ya fito na matete iliyosukwa kama kikapu kirefu, ya kubebea wagonjwa mpaka barabarani na maiti mpaka makaburini. Sharti la engozi ni moja: kilichomshinda mmoja ni cha wote, na mbebaji haulizi mzigo una kosa gani. Yusto alikuwa mjumbe. Alhamisi saa mbili asubuhi alifika mahakamani na wanaume saba, wakailaza hukumu ndani ya engozi, wakaifunika kitenge kwa sababu kulikuwa na manyunyu, wakaitia mabegani. Walipokezana kila mita hamsini. Waliokutana nao njiani walivua kofia na kukaa pembeni.

"Poleni. Ni nani?"

"Ni hukumu ya Ma Kokuhirwa."

"Poleni sana. Hali yake?"

"Imezidiwa," Yusto alijibu, akihema.

Walifika uwanjani saa nne na nusu. Palikuwa na hema, spika mbili, kwaya ya usharika na kwaya ya parokia zikipokezana, na bango refu jeupe: TUSHEREHEKEE UTAWALA WA SHERIA NA MGAWANYO WA MADARAKA. Meza kuu ilikuwa na viti vitatu, cha Mtendaji, cha diwani na cha hakimu, na kwa agizo la Byabato viti hivyo vilitenganishwa hatua mbili mbili, zikapimwa kwa kamba, ili wananchi wauone mgawanyo kwa macho. Nyuma ya hema, penye masufuria, Bihogo alikuwa amefungwa kwenye mti wa msizi. Mizani ya Yusto ilikuwa imewekwa chini ya mti huohuo.

Byabato aliiona engozi, akashuka jukwaani kuipokea. "Karibuni, karibuni. Iwekwe mbele, kila mtu aione. Hili ndilo tunda la sheria." Wanaume wanane waliiteremsha kwenye nyasi mbele ya meza kuu. Mgeni wa wilayani alipiga nayo picha.

Diwani alihutubia, akainua vidole vya kulia. Mtendaji alihutubia, akasema kwamba yeye mwenyewe amewahi kusahihishwa na mahakama na hakuona aibu, na watu wakampigia makofi. Ilipata saa tano na dakika arobaini. Mchinjaji alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe, na mwanya ulipotokea kati ya nyimbo, mlio ulisikika mpaka mbele.

Hakimu Sperancia aliposimama hakwenda kwenye kipaza sauti. Alikwenda kwenye engozi, akafunua kitenge, na kwa kuwa karatasi haikunyanyuka alipiga magoti akaisoma pale pale chini. Aliisoma yote. Alisoma jina la ng'ombe, rangi, urefu wa pembe, na kamba yake. Alisoma na zuio la jana. Akainua kichwa akasema, "Mtendaji wa Kata yupo hapa. Mgambo wapo. Ng'ombe yupo pale. Saa hizi ni saa sita kasoro dakika tano. Mimi nimemaliza sehemu yangu, na siwezi kuongeza nyingine."

Watu walinyanyuka. Walipiga makofi kuliko walivyompigia yeyote siku ile, akina mama wakapiga vigelegele, kwaya zote mbili zikaanza wimbo mmoja kwa bahati. Walipokaa, kila mtu alikaa kwenye kiti chake. Ndipo fito za engozi zilipokatika zote kwa mara moja, na hukumu ikaanza kuzama ardhini taratibu, mpaka ukingo wa bahasha ukalingana na nyasi. Watu mia tatu walikuwa wameisikia.

Kokuhirwa alikuwa ameshaondoka pale. Alikuwa nyuma ya hema, mkono wake kwenye fundo la kamba. Bihogo alimpumulia shingoni. Fundo lilikuwa la mtu asiyejua ng'ombe, lilifunguka nusu kwa vidole viwili.

Jovin alikuwa amesimama hatua tatu na fimbo yake. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sitakupiga. Mchukue, nitatazama kule. Ila sikiliza. Ukimtoa bila Mtendaji kuandika, jioni nitatumwa kwako. Nitakuja, mama, mimi ni mgambo. Na safari hiyo utakuwa mwizi wa ng'ombe, na ile karatasi uliyoihangaikia haitakuwa na kazi."

"Na nikimwacha?"

Jovin aligeukia kule alikosema atatazama.

Kokuhirwa aliifikiria ile karatasi. Aliwafikiria wanaume wanane na mabega yao, na binti aliyepiga magoti kwenye nyasi mbichi na sketi yake ya kazi. Dakika tano zile alizikaa zote na kamba mkononi, hakuifungua zaidi, hakuikaza. Alikuwa anasikiliza kama kuna kiti kimesogezwa kule mbele. Hakuna kiti kilichosogezwa. Mchinjaji alipokuja, alimwamkia shikamoo, akamwomba kamba. Kokuhirwa alimkuna Bihogo kati ya pembe, mahali alipokuwa anapenda, akatoka akasimama upande asioweza kuona.

Nyama ilipimwa, ikapikwa na ndizi. Byabato alimletea Kokuhirwa sahani kwa mikono yake miwili, na kipande kikubwa kuliko cha mgeni wa wilayani.

"Mama, wewe wa kwanza. Naweza kuandika kwamba ng'ombe amerejea kwa wananchi, na wewe ni mwananchi."

"Imeandikwa akiwa hai," Kokuhirwa alisema. "Pamoja na kamba yake."

Byabato alifikiri, akaona ni kweli. Akaagiza kamba iletwe, ikaletwa, akampa.

Hukumu ilibaki pale uwanjani. Wiki hiyohiyo ofisi ya kata iliizungushia uzio wa fito, ng'ombe wa watu wasiikanyage, na watu wakazoea kuelekezana kwayo: ukifika kwenye hukumu, kata kushoto. Wanafunzi wa somo la uraia waliletwa kuiona. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu yake.

Jumatatu Kokuhirwa alikuwa mahakamani kabla ya mlango kufunguliwa. Sperancia alimsikiliza, macho yamevimba, akaandika amri nyingine ya ukurasa mmoja: Mtendaji alete ng'ombe jike mwekundu wa umri uleule, mzima, ndani ya siku saba. Kokuhirwa aliipokea. Ilikuwa nyepesi, ilipeperuka kidogo kwa upepo wa dirisha, na hakimu akaiangalia mpaka ilipokunjwa.

Kutoka pale alikwenda ofisi ya kata. Byabato alisimama, akaamkia, akaisoma amri yote mpaka muhuri, akasema imeandikwa kwa ufasaha, akamrudishia juu ya meza. Kokuhirwa aliivua kanga ya mabegani, akasokota ngata, akaiweka kichwani na kuinama kidogo. Mtendaji aliinua karatasi kwa mikono miwili, kwa uangalifu mwingi, akamtwika.